Mtama Niliouamia Bure

Mwaka ule mbegu iliniishia nikiwa katikati ya shamba. Nilipopata nyingine, mtama wa kwanza ulikuwa umeshanifika magotini. Sikujali, nikapanda.

Ulipochanua nikahamia juu ya dungu, kombeo mkononi, kuamia ndege kutwa. Kazi ile niliifanya kwa majivuno. Mtama wa kwanza ukajaa punje. Wa pili masuke yalibaki wima, mepesi, ukiyashika yanachakacha. Mapepe matupu. Nikawalaumu ndege, kisha mvua, kisha aliyeniuzia mbegu.

Shangazi alipokuja hakutazama juu hata kidogo. Alivunja suke, akachagua ganda lililokuwa bado na ubichi, akalibana kati ya kucha mbili. Kikatoka kimajimaji chekundu, chekundu cha chungwa bivu.

"Mwizi wako huyo," akasema, akijifuta kidole.

Kwenye ncha za maganda mengine palining'inia vigozi vyeupe kama pamba, vidogo sana: mavazi ambayo usubi wa mtama, kijidudu kama mbu, huvua akitoka kuruka. Jike hutaga ndani ya ua. Buu likianguliwa hunyonya punje ikiwa changa, na buu moja linatosha kuimaliza. (Ndugu zake wa kwenye mpunga angalau hujitangaza: chipukizi hugeuka mrija mweupeupe kama jani la kitunguu. Huyu wa mtama haachi hata kivimbe.)

"Huu wa pili uliupanda lini, mwanangu?"

Nikamwambia. Akaguna. Kizazi cha usubi huyo ni kama wiki mbili tu, kwa hiyo waliozaliana kwenye mtama wa kwanza waliukuta wa pili ndio kwanza unachanua. Nilikuwa nimewaandalia meza mara mbili.

Asubuhi yake, jua likiwa bado changa, alinipeleka kwenye machipukizi yaliyochelewa. Nikainama mpaka pua ikagusa suke. Vimbu vya rangi ya chungwa, vidogo kuliko mbu yeyote, vilitembea juu ya maua. Kila kimoja kinachomeka mkia, kinauchomoa, kinahamia ua la pili. Nilihesabu tisa kwenye suke moja. Siku zote zile walikuwa chini ya miguu yangu.

Jioni nilishuka na kombeo langu. Kundi la ndege likatua kwenye mtama wa pili, likadonoa mara mbili tatu, likaondoka zake.