Mwizi wa Ndia Kuu

Binti yangu ana miaka kumi na moja na hakuna mhariri nilowahi kumuogopa kama yeye. Juzi kakaa pale mezani anakula viazi karai, simu yangu mkononi na ukwaju ushapaka skrini, anasoma sehemu ya kumi na nne ya hadithi ninayowawekea hapa kila Ijumaa, kabla hata mimi mwenyewe sijaipitia, alafu akauliza bila kuinua kichwa, "Baba, huyu Kepteni Seif anakimbia kutoka Makupa mpaka Marikiti na njia nzima anaongea. Hahemi?"

Nikamwambia hio ni hadithi mama. Akanambia najua ni hadithi, nimeuliza hahemi.

Nikaenda dirishani nikajifanya naangalia kama maji ya mferejini yamerudi. Manake jibu nalijua. Nalijua mpaka kwenye ulimi, na kwa miaka yote hii sijawahi kuliandika.

Wale wa zamani hapa mnajua Kepteni alizaliwa kwenye daftari la Kasuku, kurasa 200, mwaka 2001, mimi niko fomu thri. Usiku naandika, asubuhi linaingia darasani, bob mbili kwa usiku mmoja, na ukilirudisha na mafuta ya mahamri unalipa tano. Sisi tulilelewa na vibanda vya video kule Kisauni, shilingi kumi unaona watu wanapigana mpaka jioni, kwa hivo Kepteni wa wakati ule alikua anapigwa risasi huku anatafuna tutpiki na kumtania jambazi juu ya shati lake.

Hadithi yenyewe: kuna ile meli ya Wareno, Santo António de Tanna, ilozama 1697 pale chini ya Ngomeni, yaani Fort Jesus ya hapa Mombasa, wakati Waomani wameizingira ngome. Hio ni kweli. Masanduku ya dhahabu ndani yake ni yangu mimi, na genge la watu wa ng'ambo walokuja kuyapakua usiku pia ni langu. Sura ya tisa Kepteni anawafukuza kutoka Bandari ya Kale mpaka mlangoni pa Fort Jesus, dakika moja kamili, kisha anawakuta washapanda Land Rover. Jamaa alokua akinichorea bastola kwenye kurasa za mwisho akanitia aibu mbele ya darasa zima, ati dakika moja ni uongo, hata farasi hafiki. Nikamwambia Jumamosi naenda kupima.

Bas Jumamosi baada ya asr nikapanda matatu, nikavuka Nyali, nikateremka mjini. Saa ya Casio ya kuazima mkononi, ndara miguuni, daftari chini ya kwapa kwa sababu nilitaka kuandika kona moja moja. Nikasimama karibu na lango la bandari, nikabonyeza kidude, nikatoka mbio.

Mnajua Mji wa Kale ulivyo. Mtu hakimbii kule. Watu wanatembea, wanasimama, wanaamkuana, wanauliza hali ya kila aliyeko nyumbani mpaka paka. Mimi nikapita Ndia Kuu kama nimetumwa na shetani, nikachukua kona, nikamkumba mama mmoja wa buibui na kikapu chake, ndimu zikamwagika njia nzima. Nikasema samahani mama lakini sikusimama, saa inahesabu. Hatua kama kumi mbele nikasikia nyuma yangu:

"Mwizi!"

Sasa hapa ndo nataka kukaa kidogo.

Kitu cha kwanza, sikujua ni mimi. Wallahi. Niligeuza kichwa kumtafuta mwizi. Nikaona watu watatu wananiangalia mimi, mmoja kashika nyundo, nadhani alikua akitengeneza mlango, na ile nyundo haikuinuliwa wala nini, imening'inia tu mkononi, lakini ndo kitu pekee nilichokiona. Kitu cha pili, asiyekua mwizi husimama. Hilo kila mtu analijua, hata mimi nalijua, ningekua naandika ningemfanya Kepteni asimame ageuke aseme neno la maana. Miguu yangu haikusimama. Iliongeza. Na kila ilivyoongeza ndo nilivyozidi kuwa mwizi, manake sauti za ndara nyuma yangu zilikua za watu wawili, kisha sita, kisha sikuweza kuhesabu tena, na watoto washajiunga kwa raha zao wanaimba mwizi mwizi kama wimbo wa harusi. Kanda ya ndara ya kulia ikakatika. Nikakimbia na moja. Mguu mmoja unasema pa, mwengine unasema ta, na mpaka leo nikilala kwa ubavu wa kushoto mapigo ya moyo hunijia hivo hivo, pa na ta.

Mbele, kwenye kichochoro, mkokoteni wa maji. Madebe ya lita ishirini yamepangwa, ukuta huku na ukuta huku, na hamali kaushika kwa mikono miwili ananitazama vile unavyomtazama mbuzi aloingia msikitini. Hakuna pa kupita. Nikasimama kwa sababu ukuta umenisimamisha.

Mkono ukanishika kola. Kofi moja likaniingia sikioni, nani kalipiga sijui, sikuona uso, niliona mkono wa shati la bluu tu. Wakauliza umeiba nini. Nikafungua mdomo. Na ndugu zangu, hakukutoka kitu. Si woga wa kukosa la kusema, la kusema nilikua nalo, maneno matatu tu, mimi si mwizi. Ulimi ndo ulikua umekauka umeshikana na paa la mdomo, nausikia kabisa ukijibandua kidogo kidogo kama plasta kwenye kidonda, na mate hakuna hata ya kumeza. Nilichotoa ni mlio kama wa kuku. Mtu akasema unaona, hata kujitetea hawezi.

Najua watu walikofikishwa na kukosa kujitetea mjini humu. Sitaki kuendelea na hilo.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Nikasikia vijikombe vinagongana, kacha kacha, muuza kahawa akapenya katikati na dele lake la moto na watu wakapisha, manake nani atasukumana na makaa. Mzee wa kofia, ndevu nyeupe. Akauliza, "Mwana wa nani wewe?" Kule hilo ndo swali, si jina lako. Ulimi bado. Nikampa daftari. Akalishika mbali na macho kama wazee wanavyosoma, akatamka kwa sauti, "Kepteni Seif na Dhahabu ya Ngomeni." Mtu akacheka. Yule mama wa ndimu akafika anahema, pochi yake iko mkononi, akasema yeye hakuibiwa kitu na wala hakuita mwizi, nani kasema mwizi? Wakaangaliana. Hakuna alosema. Mpaka leo hakuna alosema.

Mzee akanikalisha barazani kwake, akanimiminia kijikombe, kahawa chungu ya tangawizi, na kipande cha kashata. Nikanywa, ulimi ukaachia. Nikadhani yamekwisha. Akanirudishia daftari akasema, "Haya, soma. Watu wameacha kazi zao kukufukuza."

Nikasoma sura ya tisa mbele ya watu walotaka kuniua dakika kumi nyuma. Sauti inatetemeka, sikio linapiga kengele. Walisikiza vizuri kuliko darasa langu lolote, na ndo ilokua balaa. Nilipofika kwenye Land Rover hamali akanikata, "Land Rover ipite wapi? Mkokoteni wangu wenyewe wapita kwa taabu, si umeuona?" Wakacheka wote, hata wa nyundo. Nilipofika majambazi wanapandisha tanga usiku ule wa Januari kukimbilia Lamu, mzee mmoja mwembamba alokua kakaa pembeni, nahodha wa zamani nikaambiwa, akainua kidole.

"Mwezi wa kwanza huvuma pepo gani?"

Nikanyamaza.

"Kaskazi. Yatoka huko huko Lamu. Jahazi lako lina injini?"

"Halina."

"Bas huyo jambazi wako mpeleke Unguja. Lamu angoje kusi." Akarudi kwenye kikombe chake kama hakimu aliyemaliza kesi.

Lakini alonimaliza kabisa ni mzee wa kahawa. Akanambia meli hio yeye aliwaona wapiga mbizi wakiifanyia kazi, miaka ya sabini, siku baada ya siku, na vitu vilotoka viko ndani ya Ngomeni, "unalipa kiingilio unavitazama." Nikauliza, dhahabu? Akasema yeye aliyoona ni mitungi na vyombo. Nilikua nimeishi Mombasa maisha yangu yote, nimeandika kurasa mia na arobaini juu ya meli ile, na mlango wa Fort Jesus nilikua naujua kwa nje tu kwa ajili ya kupima mbio.

Nilipoinuka akanishika mkono. "Niwachie hilo daftari. Ndoo Ijumaa ulichukue, n'takua nimemaliza." Nikamwachia. Nilitembea mpaka stejini na ndara moja, nyengine mfukoni, na nilipoangalia saa ya watu ilikua bado inahesabu, saa moja na dakika ishirini na kitu.

Ijumaa sikwenda. Wala ile ya pili. Darasani nikasema daftari limeingia maji, na yule mchora bastola nikamwambia ni dakika tatu na nusu, uongo mtupu, manake sikufika. Nilipita pale tena nikiwa mtu mzima na mke wangu, baraza ipo, imepakwa rangi, panauzwa vinyago na kikoi. Sikuuliza kitu. Ningeuliza nini?

Kepteni nikamuandika upya kwa kichwa, na tangu hapo majambazi wangu wa Januari wote wanakimbilia Unguja, mtakua mmeona. Magari nimeyatoa vichochoroni. Ya wazee wale niliyafuata yote. Ya ulimi ndo sijayagusa, na sijui ni kwa nini, labda nikimkausha Kepteni mdomo nitakua nimewarudishia wale watu kola yangu. Au labda ni uvivu tu.

Jana usiku nilijaribu. Nikafuta maneno yake yote kutoka Makupa mpaka Mwembe Tayari, nikamwacha anakimbia kimya. Nikasoma. Mikono ikanitoka jasho, nikayarudisha. Binti asubuhi akaangalia simu, akasema, "Bado anaongea."

Nikamwambia kula uende shule.

Kwa hivo Ijumaa mtaipata sehemu ya kumi na nne kama kawaida, na ndio, anaongea njia nzima.