Mgomba wa roshani na baridi ya Julai

Jani jipya la mgomba wangu limekwama. Lilichomoza katikati ya shina likiwa limejiviringa, na tangu baridi ya Juni ianze kuuma hapa Nairobi halijasogea. Nimechora alama ya kalamu pale linapotokea, na kila asubuhi nachungulia kabla ya kwenda kazini. Alama iko palepale.

Shangazi, aliyenipa chipukizi cha ndizi ya kisukari kutoka shambani kwake Taveta, aliniambia kwa simu: "Utie samadi, mwanangu. Mgomba unakula." Unakula kweli, hasa potasiamu. Lakini ungekuwa na njaa hiyo, majani ya chini ndiyo yangetangulia kuonyesha, yakianza kugeuka manjano nchani na kwenye kingo, kisha kukauka. Ya kwangu ni kijani kitupu. Wala hayakusongamana kileleni, membamba na yamesimama wima, kama ya mgomba wenye kirusi.

Jumamosi niliilaza ndoo ulimopandwa, ile ya rangi ya lita 20, nikautoa mgomba na udongo wake. Nilikuwa na hofu, nakiri. Mizizi ni myeupe na migumu, hainuki. Imeanza kuzunguka ukuta wa ndoo, ila haijabanana. Tunguu, yaani kile kitako kinene cha mgomba kilicho udongoni, halina hata tundu moja la fukusi.

Basi nikachomeka kipimajoto kwenye udongo alfajiri: nyuzi 13. Mgomba hustawi kwenye nyuzi 26 hadi 30, na ikishuka karibu na 14 hautoi jani tena. Hili lilinigusa sana nilipolielewa: tunachokiita shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana tu. Chembe inayozaa kila jani iko chini, juu ya tunguu, usawa wa udongo. Shambani ardhi yote huitunzia joto. Kwenye ndoo iliyowekwa juu ya saruji, usiku mmoja unatosha kuipoza. Na roshani yangu inatazama kusini, wakati kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri kwetu liko upande wa kaskazini. Mgomba uliozaliwa Taveta, kwenye joto lile, unaishi kivulini tangu masika!

Mlinzi wa jengo ameniruhusu kuupandisha juu ya paa, tunakoanika nguo. Nimeuweka juu ya mbao, ndoo nimeifunga gunia, na upepo unazuiwa na tangi la maji. Maji nayapunguza, nikisubiri udongo ukauke kidole kizima ndipo nimwagie, kwa sababu mizizi iliyopoa hainywi na udongo wenye majimaji ungeiozesha.

Samadi nimeipokea kwa basi jana, mfuko mzima. Nimemwambia shangazi nitaitia jani likishaipita ile alama, na siku hiyo nitauhamishia kwenye pipa kubwa. Amekubali, ila anataka nimtumie picha kila Jumapili.