Vyumba vinne na Mama, British Museum

Mama yangu alifundisha historia shule ya msingi hadi alipostaafu. Miaka yote hiyo alichora Mto Nile na mji wa Ninawi ubaoni kwa chaki. Sasa nampeleka British Museum, London, akavione vitu vyenyewe, na sitaki siku hiyo iende ovyo.

Jumba lile lina vitu kama milioni 8. Vinavyowekwa hadharani ni takriban asilimia 1, yaani vitu elfu 80 hivi! Magoti ya Mama hayatazimudu kumbi zote, na sidhani kama yupo mtu ambaye macho yake yangeendelea kuona baada ya saa tatu za kuzungukazunguka. Nimechagua vyumba vinne, basi.

Cha 4 kwanza, kwa ajili ya Jiwe la Rosetta. Amri ya makuhani ya mwaka 196 KK imechongwa pale kwa hieroglifi (maandishi ya picha ya Misri ya kale), kwa demotiki (mwandiko wa kila siku wa Wamisri) na kwa Kigiriki, na ndiyo iliyomsaidia Champollion, msomi Mfaransa, kuyafumbua maandishi ya Misri mwaka 1822. Watu hulisonga sana jiwe hilo. Tukishaliona tutavuka hadi chumba cha 1, ambako kuna nakala isiyo na kioo na inaruhusiwa kuguswa. Namjua mwalimu wangu: atafuata mistari kwa kidole.

Chumba cha 10 ndicho ninachokingojea mimi. Kuta zake zina michoro ya mawe kutoka kasri la Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, huko Ninawi, ya karne ya 7 KK. Mfalme anawinda simba. Yupo simba jike aliyechomwa mishale mgongoni. Miguu ya nyuma imekufa ganzi, naye bado anajikokota kwa ya mbele, ananguruma. Mchongaji aliajiriwa kumtukuza mfalme, lakini moyo wake, naamini kabisa, ulikuwa kwa mnyama. Hapo nataka tukae bila haraka.

Halafu tutashuka chumba cha 25, Afrika, penye mabamba ya shaba ya Benin, mji ulioko Nigeria ya leo. Majeshi ya Uingereza yaliyachukua mwaka 1897 yalipouvamia mji ule. Nilipomwambia Mama, alijibu, "Nitayatazama, mwanangu, ila asiniambie mtu kwamba yalikuja yenyewe." Nakubaliana naye. Ustadi wa mafundi wale wa Edo, watu wa Benin, unastahili kutazamwa, na madai ya kurudishwa kwa kazi zao ni ya haki. Sheria ya Bunge la Uingereza ya 1963 ndiyo inayoubana mkono uongozi wa makumbusho usiweze kuzitoa kirahisi.

Kuingia ni bure, ila ni vyema kukata tiketi mapema mtandaoni. Nimelenga Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo hufungwa saa 2:30 usiku badala ya saa 11 jioni, kwa hiyo Mama ataweza kupumzika katikati. Masanduku ya magurudumu hayaruhusiwi. Tutabeba mkoba mdogo.

Bado kuna kifaa cha jiwe kutoka Olduvai, chenye umri wa karibu miaka milioni 2, ambacho Mama ameniulizia mara nyingi kuliko dhahabu yoyote. Vitu huhamishwa na vyumba hufungwa kwa matengenezo, kwa hiyo nitaangalia orodha yao ya mtandaoni wiki ile ile ya safari. Kikiwa hadharani, tutaanza nacho, na Rosetta itasubiri.