Santuri ya Babu na Sikio la Jirani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Kwa miaka tisa santuri ya marehemu babu yangu ilikaa chumba cha ndani, imefunikwa shuka. Ni ile ya pembe, ya kutia ufunguo kwa mkono, haijui umeme wala betri. Usiku mmoja mmoja nilikuwa nikiifunua, mlango nimeutia komeo, nikasikiliza upande mmoja wa sahani ya nyimbo, kisha naifunika. Nilijiambia kuwa naitunza. Hewa ya Lamu ina chumvi, chuma hakidumu. Na sahani zenyewe zimetengenezwa kwa lakiri, ile gundi itokayo kwa wadudu wa India, zikianguka zinavunjika kama kisahani cha chai. Sababu nilikuwa nazo nyingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa bahili.

Katika Suratu Dhuha Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake (s.a.w.): "Na neema za Mola wako zisimulie." Sura hii tumeihifadhi sote chuoni tukiwa wadogo, na siku zote nilidhani kusimulia ni kusema alhamdulillahi, basi. Mwezi uliopita nilifunzwa zaidi na bibi mmoja jirani yetu hapa Mkomani, aliyekwisha kupita miaka themanini. Alinisimamisha kichochoroni akaniambia, "Mwanangu, usiku nasikia santuri kwako. Mbona hutwiti nasi tukasikiza?"

Nikaona haya. Miaka yote ile nilidhani nimejificha, kumbe pembe ya santuri haina pa kupunguzia sauti. Kiwambo cha ulanga kikitikisika, pembe inaitoa sauti yote kwa kila aliye karibu, awe amealikwa au hakualikwa.

Alhamisi, baada ya swala ya Alasiri, niliibeba mpaka barazani. Wazee wakakaa, kina mama wakasogea mlangoni, kahawa chungu ikaletwa na kashata. Nikatia sindano mpya. Kila upande wa sahani unataka sindano yake, kwa sababu ndani ya lakiri huchanganywa unga wa mawe unaoisaga ncha mpaka ienee mfereji wa sahani. Sindano ndiyo inayoliwa ili sahani isalimike. Nayo yote hiyo ni kwa dakika tatu tu za kusikiliza! Zamani hesabu hii ilinifanya nifunge mlango. Siku ile, nikiona nyuso zile zimeinama kuelekea pembe, sikuikumbuka.

Nilianza na Siti binti Saad, yule binti wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa nyimbo za Kiswahili. Bibi alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Siye huyu. Sauti imelala. Siti hakuimba kama mtu mwenye homa."

Nikambishia kwa adabu, kwamba ndivyo ilivyo tangu niirithi. Hakukubali. Basi nikakata kipande cha karatasi, nikakichomeka chini ya ukingo wa sahani, kijana mmoja akashika saa, na baraza nzima ikahesabu kwa sauti kila karatasi ilipopita. Sabini. Sahani za aina ile zinatakiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika. Nikaigeuza skurubu ya mwendo kidogo kidogo, tukahesabu tena, mpaka ikatimia 78. Nikaurudisha upande ule ule.

Sauti ikainuka. Fidla ikakaa mahali pake, ngoma ikachangamka, na Bibi akafumba macho, kidole chake kikigonga ukingo wa baraza. Miaka tisa nilisikiliza peke yangu, na miaka tisa nilisikiliza makosa. Thomas Edison mwenyewe, aliyetengeneza fonografu, mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha, mwaka 1877, masikio yake yalikuwa mazito. Hata yeye hakusikia kila kitu.

Mtume (s.a.w.) amesema, kama walivyopokea Bukhari na Muslim: "Hatoamini mmoja wenu mpaka ampendelee ndugu yake anachoipendelea nafsi yake." Hadithi hii nilikuwa nikiihesabu kama deni, kitu ninachotolewa mimi wapewe wengine. Sikujua kuwa sehemu ya neema yangu alikuwa nayo jirani, ameikalia masikioni mwake tangu utoto, akingoja kuitwa.

Wapo kati yenu wasiozipenda ala za muziki, na hoja zao nazijua, sikuandika kuwabishia. Mahali pa santuri wekeni chochote mlichokifunika shuka: kitabu, elimu, chombo cha baharini, sauti nzuri ya kusoma Qur'ani.

Sahani moja ilivunjika siku ile. Ilimteleza yule kijana mwenye saa. Nilinyamaza, maana ulimini sikuwa na neno jema. Akaokota vipande vyote, hata kile kidogo kama ukucha, akanipa kwa mikono miwili, macho chini. Siku tatu baadaye alibisha hodi kuuliza kama nitamfundisha kuitunza. Grisi ya mashine ilikuwa imekauka kama nta kwa kukaa bila kazi. Jana baada ya Isha tuliifuta pamoja, tukatia mpya, yeye akishika taa.

Alhamisi hii inshallah tutakuwa barazani baada ya Alasiri. Bibi ameshaleta ujumbe wa upande anaoutaka.