Ikikatika nitakupata wapi

Tangu Jumanne kuna neno limenikaa kichwani na halitaki kutoka. Nimelala nalo, nimeamka nalo, leo nimekwenda nalo hadi kanisani na mahubiri yakanipita.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nazunguka na tuktuk hapa Kisumu, na neno lenyewe nililipata kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Riat. Geti lake lilikuwa limelala upande mmoja, likifunguliwa linachora nusu duara kwenye saruji. Aliyelitengeneza alitumia bawaba za mlango wa jikoni kwa geti la kupitisha lori (tuna watu katika kazi hii, jamani). Nikaliinua kwa jeki, nikakata zile za zamani kwa grainda, nikaweka nene za kutia grisi. Bomba lenyewe ni jembamba, milimita 1.5, kwa hivyo niliishusha mashine mpaka ampea 65, maana ukizidisha unatoboa badala ya kuunga. Nikashikiza kwa nukta kwanza, tukalifungua na kulifunga hadi likakaa sawa, ndipo nikachomelea kabisa. Mwishowe likawa linasukumwa kwa kidole kimoja.

Mzee akagongagonga weldi kwa mkongojo wake. "Kazi safi, kijana." Halafu akaniangalia. "Sasa, ikikatika nitakupata wapi?"

"Nambari yangu unayo, mwalimu."

"Nambari hata tapeli anayo."

Akacheka, akalipa zote kwa M-Pesa bila kupunguza hata shilingi, tena akanifungia na maparachichi. Hakuna tusi hapo. Ukimsimulia mtu atakuuliza kilichokuuma ni nini, na mimi mwenyewe nimejiuliza.

Nilipoacha kazi ya karakana niliandika hapa nikijigamba kwamba nitazunguka mwenyewe na sitamlipa mtu kodi ya kibanda. Kule karakana nilikotoka mageti yalikuwa yanarudi kila mwezi yakiwa yamekatika palepale, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza atatupata wapi. Kulikuwa na mlango wa mabati, kibao, na bosi kwenye kiti cha plastiki. Sasa mali yangu yote, mashine, jenereta, grainda na mikebe ya rodi za kuchomelea, inaingia nyuma ya tuktuk ya mizigo. Nikishawasha na kuondoka, pale nilipofanyia kazi panabaki vumbi jeusi la diski ya grainda. Mwalimu ameona hivyo kwa macho yake, akasema.

"Nambari hata tapeli anayo." Alisema akicheka, lakini alicheka kabla ya kusema au baada? Jumatano nilikuwa na hakika ni baada. Jana nikaona labda ni kabla, na hapo maana inabadilika kidogo. Jibu zuri lilinijia nilipofika Otonglo, nikiwa nyuma ya matatu: "Hutanitafuta, mwalimu. Nitakuja mwenyewe kuliangalia." Ningegeuza tuktuk ningeonekana mwendawazimu.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo, kwa sababu dada yangu amejifungua mapacha, mto Nyando umefurika tena, na mkopo wa chama nilionunulia jenereta nimemaliza kuulipa. Lakini mimi niko na mwalimu tu. Mama Akinyi alichoka kusikia. "Baba Akinyi, si umchomelee nambari yako kwenye hilo geti, apate kulala." Nikacheka, kisha usiku nikachukua kipande cha bamba nikajaribu. Sifuri na saba zinatoka vizuri. Tatu inatoka kama jongoo aliyekanyagwa.

Halafu Ijumaa simu ikalia nikiwa Kondele. Dereva wa trakta ya miwa, barabara ya Kibos: "Wewe ndiye fundi wa tuktuk? Trela imekatika shingo na imejaa." Sauti ilikuwa ya mtu ambaye jua linamla na miwa inakauka uzito mgongoni kwake.

Kile chuma cha kuvutia trela kilikuwa na ufa mrefu kuliko ulivyoonekana. Niliufuata kwa grainda mpaka nikauona mwisho wake, maana ukiufunika ukingali chini, utatembea tena. Nikafungua mkebe wa rodi za 7018, zile ambazo Mama Akinyi haruhusiwi kuzigusa kwa sababu zikinyonya unyevu weldi inapasuka baadaye. Nikajaza tabaka juu ya tabaka, nikigonga maganda yanayoganda juu ya weldi kila mara. Nilipomaliza dereva alikuja na dumu la maji apooze haraka aende. Nilimshika mkono. Chuma kinene kama hicho kikipoozwa ghafla kinakuwa kigumu na kinavunjika kama sahani. Tukakaa tukitafuna miwa ya mwenyewe huku watoto wa shule wakichomoa yao nyuma ya trela wakidhani hatuwaoni.

Hakuuliza nitapatikana wapi. Angeuliza vipi? Nilikuwa pale, magoti kwenye vumbi, mahali ambapo karakana yoyote ya Kibuye isingefika. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Hata hivyo mzee ana hoja, na nimeifanyia kazi. Nimenunua kitabu cha risiti na kuchongesha muhuri. Kila risiti itaandikwa kazi iliyofanywa, na kwamba ikikatika kwenye weldi ndani ya miezi 3 narudi bure, petroli juu yangu. Mama Akinyi anasema petroli itanimaliza. Nimemwambia labda mtu aombe kazi mbali kama Busia, hapo nitafikiria. Risiti ya kwanza nitampelekea mwalimu, ingawa sijui nitaingia na kisingizio gani.

Lakini kinachonikosesha usingizi leo ni kingine. Akinyi yuko Gredi ya 9, na fomu ya kuchagua shule za upili inatakiwa kesho asubuhi ikiwa na sahihi. Amejaza mkondo wa Sanaa na Michezo. Mama yake anataka STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na hawajasemezana tangu saa kumi. Fomu iko juu ya friji, kalamu iko kando yake, na wote wawili wananingoja mimi.