Nilivyoiongezea nguvu injini ya MGB kwenye hewa nyepesi ya Nairobi

Kwenye kibati cha namba ya injini ya MGB yangu ya mwaka 1966, gari dogo la michezo la Kiingereza, pameandikwa 18GB, halafu U, halafu L. Ile herufi ya mwisho ndiyo iliyonipa jibu la swali nililokuwa nimezunguka nalo muda mrefu: kwa nini gari langu halina nguvu? H maana yake injini ina kompresheni ya juu, yaani silinda huubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 8.8, 8.8 kwa moja. L ni ya chini, 8 kwa moja, na ilikusudiwa nchi ambako petroli ilikuwa hafifu. Kwa hiyo zile nguvu farasi 95 kwa mizunguko 5,400 ambazo kiwanda cha MG huko Abingdon, Uingereza, kilijisifia, gari langu halikuwahi kuwa nazo, hata siku liliposhushwa melini Mombasa.

Juu ya hilo kuna Nairobi yenyewe. Tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa haina ujanja hapo: hewa ikipungua, nguvu nazo hupungua karibu kwa kiwango kilekile. Nilipolipandisha gari kwenye mashine inayopima nguvu magurudumuni, ilisoma farasi 51. Matatu zilikuwa zikinipita kwenye mlima wa kutoka Mai Mahiu, na zilikuwa na haki yao.

Kila mwenye gari la zamani ana ushauri, na wa kwanza siku zote ni uleule: ng'oa kabureta mbili za SU uweke Weber 45 moja, funga manifoldi ya kutolea moshi yenye mabomba marefu, tia kemshafti (mhimili unaofungua valvu) ya mashindano. Nilikataa vyote vitatu na sijajuta. Kabureta kubwa haina faida ikiwa hewa inakwama mbele yake, na kwenye injini hii hewa hukwama ndani ya hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu. Manifoldi ya chuma ya kiwandani inapumua vizuri kuliko sura yake. Ukiibadilisha, utakachopata zaidi ni kelele. Kemshafti kali nayo inaanza kufanya kazi mizunguko ikiwa juu, na mimi nusu ya safari zangu ni foleni ya Waiyaki Way.

Nilianza na cha bei nafuu, yaani distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Lucas 25D4 ya umri huu huwa shafti yake inacheza, kwa hiyo mwanya wa pointi, vile vidomo vinavyokata umeme ili cheche itoke, haukai mahali pamoja, na zile springi mbili ndogo za ndani zimechoka. Tulibadilisha bushi na springi, tukaweka pointi kwenye milimita 0.38, kisha tukapima taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000, bomba la vakyumu limechomolewa. Tukaishia digrii 32 kabla ya pistoni kufika juu. Watu wengi hupima injini ikinguruma polepole tu na kuridhika, ilhali nguvu haitafutwi huko.

Kabureta za SU zilibuniwa na akina Skinner, familia ya biashara ya viatu ya Uingereza, na za mwanzo kabisa zilikuwa na mvukuto wa ngozi ndani. Nazipenda. Zinajua kupima wingi wa hewa inayopita, ila hazijui uzito wake, na hapo ndipo Nairobi inapozichanganya. Zikiwa zimepangwa kwa usawa wa bahari, huku juu zinamwaga petroli kupita kiasi. Plagi zangu zilikuwa nyeusi tii. Kwanza tulibadilisha spindo za vipepeo, vile vibati vinavyofunguka ukikanyaga mafuta, maana zikichakaa huingiza hewa ya wizi na hakuna marekebisho yatakayoshika. Halafu tukapandisha jeti, kitundu kinachotoa petroli, kwa kukaza nati ya chini, upande mmoja wa nati kwa wakati mmoja, tukijaribu kwa kile kipini cha ubavuni. Unainua pistoni ya kabureta kama milimita moja na kusikiliza. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Injini ikitaka kuzimika, ni kidogo. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, umefika. Nati peke yake ilitosha kwenye mwendo mdogo, lakini nikikanyaga sana bado plagi zilirudi na weusi, ndipo nikaagiza sindano ya jeti iliyo nene kidogo, ili iache petroli kidogo zaidi ipite.

Sasa hedi. Fundi wangu ni mzee wa Kariobangi aliyejifunzia kazi kwenye Austin Cambridge, ambazo zilitumia injini za ukoo huohuo kabla hazijafika sentimita za ujazo 1,798. Aliiweka hedi mezani, akatia kidole kwenye tundu la kuingizia hewa.

“Kijana, silinda nne, lakini hesabu matundu ya kuingilia.”

Mawili. Silinda ya kwanza na ya pili zinagawana tundu moja, ya tatu na ya nne jingine. Na kwa kuwa moto unakwenda 1-3-4-2, wale wanaogawana tundu huvuta hewa kwa kufuatana, mmoja akimnyang'anya mwenzake. Hilo huwezi kulitibu bila kununua hedi nyingine kabisa.

“Basi tuyapanue, mzee?”

“Ukipanua mdomo, hewa inapoteza mwendo. Tusafishe hapa.” Akaonyesha ukingo uliobaki chini ya kiti cha valvu, pale chuma kilipokatwa kiwandani na kuachwa na ngazi. Hapo ndipo alipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, akilainisha ile ngazi hadi kidole kipite bila kukwaruzwa, bila kugusa sana tundu lenyewe na bila kuling'arisha. Viti vilikatwa kwa pembe tatu badala ya moja. Vibomba vinavyoongoza valvu tulibadilisha vyote, na kwenye valvu za kutolea moshi tukaingiza viti vya chuma kigumu, kwa sababu petroli ya sasa haina risasi na viti vya zamani vilitegemea risasi hiyo.

Silinda zilikuwa zimechakaa, nami nikafurahi, kwa kuwa nilipata sababu ya kununua pistoni mpya. Karakana ya mashini ilichonga silinda kwa ukubwa wa inchi 0.040 zaidi, injini ikawa ya sentimita za ujazo 1,845, na pistoni nilizochagua ni za aina ya H. Hapo tu kompresheni ilipanda hadi kama 9. Nilitaka 9.5. Kila silinda sasa ni sentimita za ujazo 461, kwa hiyo pistoni ikiwa juu inatakiwa kubaki nafasi ya 54. Tulifunika chemba, ile nafasi ya mwako ndani ya hedi, kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo na kuijaza mafuta kwa sindano ya hospitali, tukasoma, tukatoa hesabu, na hedi ikaskimiwa, yaani uso wake wa chini ukachongwa, zaidi kidogo ya milimita moja. Chemba zote nne tulizisawazisha zilingane. Baada ya kuskimu, nguzo za roka, mikono inayobonyeza valvu, ziliwekewa vipande vyembamba chini ili roka zikae kwenye pembe yake.

Mashine ileile sasa inasoma farasi 67 magurudumuni, bila kuongeza chochote cha kufidia mwinuko. Mlima wa Mai Mahiu naupanda kwa gia ya tatu bila kuhangaika.

Kwa kompresheni ya 9.5 injini haigongi Nairobi, yaani mchanganyiko haulipuki ovyo ndani ya silinda, kwa sababu hewa yenyewe ni chache. Ukiteremka kwenda pwani hewa inaongezeka, na injini huanza kugonga unapokanyaga. Bahati nzuri, 25D4 ina kinati cha kuzungusha kwa vidole chenye alama za A ya kuwahisha cheche na R ya kuichelewesha. Mtito Andei nasimama, nakizungusha kuelekea R, na kushusha jeti za kabureta upande mmoja wa nati. Kurudi ni kinyume chake, kazi ya dakika chache nikisubiri chai.