Kikapu cha shangazi
Jana jioni hapa Mwanjelwa, Mbeya, na baridi hii ya Julai, nilikaa saa tatu nzima na tovuti ya shangazi ya kuuza mchele wa Kyela. Mteja anachagua kilo 10, akifungua ukurasa wa malipo anakuta kikapu kitupu!

Nikaangalia maombi yanayotoka kwenye kivinjari. Ombi linakwenda, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) inajibu 200, yaani sawa kabisa. Basi mtandao hauna shida. Ndipo nikakumbuka: HTTP, yaani utaratibu ambao kivinjari na seva hutumia kuwasiliana, haitunzi kumbukumbu. Kwa seva, kila ombi ni mgeni anayepiga hodi kwa mara ya kwanza, hata kama alikuwa hapo sekunde moja iliyopita. Kinachomtambulisha ni kidakuzi (cookie), kipande kidogo cha taarifa: seva inakitoa ndani ya jibu, kivinjari kinakihifadhi na kukirudisha kwenye kila ombi linalofuata.

Changu nilikiwekea sharti la kusafiri kwa njia salama tu. Kumbe kiungo cha malipo nilikiandika kwa http, badala ya https iliyo salama. Kivinjari kikakataa kukituma, na kilikuwa na haki.

Nimeongeza herufi moja. Shangazi akajaribu kwa simu yake: "Mwanangu, kilo zangu zipo!"

Nina furaha mpaka sasa.